Kuingia soko usilolijua: mwongozo wa kujifunza jinsi kampuni zinavyovuka mipaka

Mwishoni mwa mwaka 1997 Walmart, kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani, ilinunua maduka 21 ya Wertkauf nchini Ujerumani. Mwaka uliofuata ikaongeza mengine 74 ya Interspar. Mtaji ilikuwa nao, jina ilikuwa nalo, na uwezo wake wa kusimamia ghala na usafirishaji ulikuwa gumzo kwa washindani. Mwaka 2006 iliuza maduka 85 kwa Metro, kampuni ya rejareja ya Ujerumani, na kuondoka, ikiwa imetangaza hasara ya takriban dola bilioni 1.

Kisa hiki husimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa nusu. Mwanafunzi huambiwa kwamba Wajerumani hawakupenda kuchekewachekewa na makeshia, basi, somo limekwisha. Ukikaa nacho kwa utulivu utakuta mazito zaidi. Aldi na Lidl, maduka ya Kijerumani ya bei rahisi, walikuwa wameshashusha bei kiasi kwamba ahadi ya Walmart ya "bei nafuu kila siku" haikumshtua mnunuzi yeyote. Mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliingilia kati mwaka 2000 na kuzuia uuzaji wa baadhi ya bidhaa chini ya gharama. Mkuu wa kwanza aliyetumwa kutoka Marekani hakujua Kijerumani. Kanuni za maadili za kampuni, zilizogusa hadi mapenzi baina ya wafanyakazi, zilipingwa mahakamani na baadhi ya vifungu vyake vikatenguliwa mwaka 2005.

Kila moja kati ya hayo lilikuwa na mtu nchini Ujerumani ambaye angeweza kulitabiri kabla duka la kwanza halijabadilishwa bango. Hapo ndipo penye somo: elimu ilikuwepo, ila haikumfikia mwenye maamuzi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujifunza jambo hili kwa dhati, awe mwanafunzi, mfanyabiashara, au mwajiriwa aliyeambiwa na mkuu wake "hebu tuangalie soko la nje". Nimeupanga kwa hatua, lakini zote zinazunguka wazo moja: njia za kuingia soko la ng'ambo, kuanzia kuuza kupitia wakala hadi kununua kampuni nzima, ni namna mbalimbali za kulipia elimu. Ukishaelewa nani anajifunza na nani analipa ada, visa vingi vitajieleza vyenyewe.

Hatua ya 1: Anza na swali la mgeni

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu anamwona, naye hajui njia. Kampuni ngeni iko hivyo hivyo: haina marafiki benki, haijui ni msambazaji gani halipi kwa wakati, na serikali ikitaka kutoa mfano wa kuadhibu, ndiyo inayoonekana kwanza.

Mwaka 1960 mwanafunzi mmoja wa MIT, Stephen Hymer, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya fumbo hilo. Ikiwa mwenyeji anamshinda mgeni kwa kulijua soko, kwa nini kampuni za kigeni zinakuwepo kabisa? Jibu lake ni kwamba mgeni lazima awe amebeba faida fulani, kama vile teknolojia, jina, au ujuzi wa kuendesha shughuli, yenye uzito wa kufidia ugeni wake.

Basi ukisoma kisa chochote, andika kwanza sentensi mbili. Ya kwanza: kampuni hii imebeba nini ambacho mwenyeji hana? Ya pili: je, kitu hicho kinavuka mpaka kikiwa kizima? Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Uwezo wa Walmart wa kupata bei ya chini kwa wazalishaji wa Marekani ulitokana na ukubwa wake ndani ya Marekani. Haukupanda ndege.

Hatua ya 2: Chagua bidhaa moja na soko moja, ufungue faili

Usijifunze "masoko ya nje" kwa ujumla. Chukua bidhaa moja unayoweza kuishika mkononi na nchi moja ambayo huijui. Kila utakachosoma, kiingize kwenye faili hilo. Maneno kama hatari ya kisiasa au utamaduni wa walaji ni moshi mpaka uyaulize kuhusu taulo au pampu ya maji.

Kazi ya kwanza ni kutafuta namba ya bidhaa yako katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, unaofahamika kwa kifupi HS, ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia. Baada ya hapo kila nchi huongeza zake. Kwa namba hiyo utaweza kuuliza mambo ya maana: nchi hii inaagiza bidhaa hiyo kutoka wapi, kwa thamani gani, na ushuru wake ni kiasi gani. Takwimu hizo zipo kwenye hifadhi ya Umoja wa Mataifa iitwayo Comtrade na kwenye zana za Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, hasa Trade Map.

Angalia mwelekeo wa miaka kadhaa, usitazame mwaka mmoja. Nchi isiyoagiza kitu kabisa inaweza kuwa fursa, lakini mara nyingi zaidi ni ishara kwamba kuna ukuta usiouona: kanuni za afya, vipimo tofauti, au kiwanda cha ndani kinacholindwa.

Hatua ya 3: Pima umbali, na ramani uiweke kando kwanza

Mwaka 2001 Pankaj Ghemawat, msomi wa mikakati ya biashara, alipendekeza umbali kati ya nchi mbili upimwe kwa pande nne: utamaduni, utawala na sheria, jiografia, na hali ya uchumi. Mimi huutumia mpangilio huu kila mara kwa sababu unakataza uvivu. Huwezi kusema tu "soko liko mbali". Lazima useme liko mbali kwa nini, na kwa bidhaa ipi. Saruji huumizwa na kilomita kwa kuwa ni nzito na bei yake ni ndogo. Programu ya kompyuta haijali kilomita, bali huumizwa na lugha na sheria za faragha. Chakula huguswa na dini na desturi kuliko chuma cha pua.

Jihadhari zaidi na soko linalofanana na la kwenu. Target, kampuni ya maduka ya rejareja ya Marekani, iliingia Kanada mwaka 2013. Lugha ni ileile kwa sehemu kubwa, mpaka ni mmoja, na Wakanada wengi walikuwa wameshanunua kwenye maduka yake ya Marekani. Kampuni ilifungua maduka 124 ndani ya mwaka huo mmoja na hatimaye yakafika 133. Januari 2015 ilitangaza kuondoka, na wafanyakazi wapatao 17,600 wakapoteza kazi. Wateja walikuta rafu tupu: mfumo mpya wa kompyuta ulilishwa taarifa za bidhaa zenye makosa mengi, vikiwemo vipimo visivyo sahihi, hivyo mizigo ikajaa maghalani huku madukani hakuna kitu. Na yule Mkanada aliyelijua duka la Marekani alilinganisha bei, akaona kaonewa.

Watafiti wameliita jambo hili kitendawili cha ukaribu: unapoona soko linafanana na lako, unaacha kuuliza. Soko la mbali hukutia hofu, na hofu hiyo hukufanya usome.

Hatua ya 4: Ifuate bei kutoka kiwandani hadi rafuni

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu ni hesabu. Usiiruke. Hakuna kitakachokufundisha soko haraka kuliko kuijenga bei ya mwisho kwa kalamu yako.

Chukua mfano wa kubuni. Bidhaa inatoka kiwandani kwa dola 10. Usafiri, bima na gharama za bandari zinaongeza dola 2, kwa hiyo inafika ikiwa na thamani ya 12. Ushuru wa forodha ni asilimia 10, yaani 1.20, jumla 13.20. Msambazaji anaongeza asilimia 25, inakuwa 16.50. Mwenye duka anaongeza asilimia 40, inakuwa 23.10. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 inamfikisha mnunuzi kwenye dola 27.72.

Sasa futa ushuru ule, urudie hesabu. Utapata dola 25.20. Ushuru wa dola 1.20 pale bandarini umegeuka kuwa dola 2.52 mbele ya mnunuzi, kwa sababu kila aliyefuata aliweka asilimia yake juu yake. Ndiyo maana kampuni zinazohangaikia senti chache za nauli ya meli si bahili, na ndiyo maana nyingine huamua kujenga kiwanda ndani ya nchi husika.

Ukifanya hesabu halisi, hakiki msingi wa ushuru. Nchi nyingi hutoza juu ya thamani inayojumuisha nauli na bima. Marekani kwa kawaida haivijumuishi vya safari ya kimataifa. Hakiki pia nani anabeba gharama na hatari ya mzigo katika kila kituo cha safari. Hilo huamuliwa na masharti ya Incoterms yanayotolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara. Toleo la 2020 lina masharti 11. Jifunze mawili ya pembeni kwanza, EXW ambapo mnunuzi anachukua mzigo mlangoni kwa muuzaji, na DDP ambapo muuzaji anaufikisha ukiwa umelipiwa ushuru. Mengine yako katikati ya hayo.

Hatua ya 5: Soma njia za kuingia kwa kuuliza nani anajifunza

Hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu.

Kuuza kupitia wakala au msambazaji ni rahisi kuanza na ni rahisi kuacha. Tatizo ni kwamba anayemwona mnunuzi ni msambazaji. Yeye ndiye anayejua kwa nini bidhaa ilirudishwa, rangi ipi haitoki, nani alikwenda kwa mshindani. Wewe unapokea oda. Unaweza kuuza makontena kwa miaka mitano na ukabaki mgeni uleule wa siku ya kwanza. Ukisoma mkataba wa usambazaji, tafuta kifungu cha taarifa: je, msambazaji analazimika kuleta mauzo kwa kila eneo, malalamiko, na bidhaa zilizorudishwa? Mkataba usio na kifungu hicho umeuza bidhaa na elimu kwa bei moja.

Leseni na franchaizi, yaani kumruhusu mwenyeji atumie jina au ufundi wako kwa malipo, humwachia yeye kutoa mtaji, nawe unapata mrabaha. Elimu hapa inaelekea upande wa pili pia: mwenyeji anajifunza ufundi wako. Mkataba ukiisha, huenda ukawa umemlea mshindani.

Ubia ni kununua elimu ya mwenyeji kwa kumpa sehemu ya mamlaka. Walmart ileile iliyoshindwa Ujerumani iliingia Meksiko mwaka 1991 kwa ubia na Cifra, kampuni ya wenyeji iliyolijua soko, na ikachukua udhibiti mwaka 1997 baada ya kukaa na kujifunza. Linganisha visa hivi viwili kwenye ukurasa mmoja wa faili lako. Kampuni ni moja, ada imelipwa kwa namna mbili.

Lakini ubia una mwiba wake. Danone ya Ufaransa iliingia ubia na Wahaha ya China mwaka 1996, na vinywaji vikauzika sana. Mwaka 2007 ugomvi ukalipuka hadharani: Danone ilidai kwamba kampuni nyingine zilizo nje ya ubia, zenye uhusiano na mshirika wake, zilikuwa zikiuza bidhaa kwa jina lilelile. Mwaka 2009 ilikubali kuuza hisa zake za asilimia 51 na kutoka. Kuwa na hisa nyingi hakukuipa Danone macho ndani ya nyumba. Kwa hiyo kila usomapo kuhusu ubia, usiridhike na asilimia za hisa. Uliza nani anamteua meneja wa fedha, jina la biashara limesajiliwa kwa nani, na wanaachanaje.

Kampuni tanzu uliyoijenga mwenyewe inakuachia elimu yote, na ada yote pia. Kununua kampuni iliyopo kunakupa watu ambao tayari wanajua, mradi usiwanyamazishe. Ukiwawekea lugha ya makao makuu na wakuu wa kutoka makao makuu, umenunua majengo tu.

Jaribu mkono wako kwa Starbucks, kampuni ya Marekani ya maduka ya kahawa. Nchini Japani iliingia mwaka 1996 kwa ubia na Sazaby, kampuni ya wenyeji, ikakua kwa miaka mingi, na mwaka 2014 ikaamua kununua sehemu ya mshirika wake. Nchini Australia iliingia mwaka 2000 kwa maduka yake yenyewe, ikafungua haraka, na mwaka 2008 ikafunga 61 kati ya 84. Australia ilikuwa na utamaduni wa kahawa ya espreso uliotiwa mizizi na wahamiaji kutoka Italia na Ugiriki, na mnunuzi hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa kinywaji kitamu zaidi. Je, ni njia ya kuingia iliyoleta tofauti, au ni soko lenyewe? Usikimbilie jibu. Andika hoja za pande zote mbili, kisha useme ni ushahidi gani ungekufanya ubadili mawazo.

Hatua ya 6: Tazama miaka, si siku ya uzinduzi

Mwaka 1977 Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Chuo Kikuu cha Uppsala walieleza kile walichokiona kwa kampuni za Sweden: zilivuka mipaka hatua kwa hatua, zikianza na mauzo ya hapa na pale, kisha wakala, kisha ofisi ya mauzo, na mwisho kiwanda. Kila hatua ilizalisha elimu isiyopatikana kwenye ripoti, na elimu hiyo ndiyo iliyowapa ujasiri wa kuweka fedha zaidi. Si kila kampuni hufuata mwendo huo. Zipo zinazouza duniani kote tangu mwaka wao wa kwanza, hasa za programu. Hata hivyo kiini chake bado ni kweli: kuna mambo ya sokoni ambayo huyajui mpaka uyaishi.

IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Sweden, ni kisa kizuri cha subira. Ilikuwepo Japani tangu 1974, ikaondoka 1986, ikarudi 2006. Mara ya pili ilikuja baada ya kuchunguza namna watu wanavyoishi katika nyumba ndogo, na ikapanga vyumba vya maonyesho kwa ukubwa huo. Kwa hiyo usiandike "walishindwa" au "walifaulu" mapema. Chora mstari wa miaka, uweke alama kila kampuni ilipobadili njia, na kando yake uandike ilikuwa imejifunza nini.

Hatua ya 7: Kisa kimoja kisome kwa masimulizi mawili

Honda ilifungua ofisi Los Angeles mwaka 1959. Mwaka 1975 ripoti ya washauri iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza ilieleza ushindi wa Wajapani katika pikipiki kama matunda ya mkakati: wazalishe kwa wingi, gharama ishuke, wakamate soko kupitia pikipiki ndogo. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Richard Pascale, alichapisha mahojiano na viongozi wa Honda waliokuwepo. Simulizi yao ilikuwa tofauti kabisa. Walikuja kuuza pikipiki kubwa. Wizara ya Fedha ya Japani iliwabana kwenye fedha za kigeni. Pikipiki kubwa zikaanza kuvuja mafuta na klachi kuharibika, kwa kuwa Wamarekani waliendesha mbali na kwa kasi kuliko ilivyozoeleka Japani. Ile ndogo ya Super Cub, sisimizi wa cc 50, wao wenyewe walikuwa wakiitumia kwa shughuli za mjini tu, mpaka watu wakaanza kuwauliza inapatikana wapi.

Sidhani simulizi moja inaifuta nyingine. Bila gharama ndogo za uzalishaji Super Cub isingeuzika kwa wingi. Bila macho ya wale watu wa Honda waliokuwa Los Angeles isingeingia madukani kabisa. Ila msomaji wa ripoti ya kwanza pekee angedhani soko huingiwa kwa mpango uliokamilika, na hilo lingemdhuru siku yake ikifika.

Hatua ya 8: Soma mahali kampuni zinapolazimika kusema kweli

Matangazo na hotuba za wakurugenzi hazitakufikisha mbali. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Marekani huwasilisha taarifa kwa mdhibiti wa masoko ya hisa, SEC, nazo husomwa bure kwenye hifadhi yake ya EDGAR. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hatari za biashara, uisome ya miaka mitatu mfululizo, uangalie sentensi gani imeongezwa. Hukumu za mahakama na maamuzi ya mamlaka za ushindani nazo zina maelezo ya soko ambayo hutayapata penginepo.

Zipo pia nyayo ndogo. Matangazo ya kazi huonyesha kampuni inaingia wapi kabla haijatangaza: ikitafuta meneja wa forodha mahali fulani, mzigo uko njiani. Sajili za alama za biashara hufanya hivyohivyo, kwa kuwa kampuni makini husajili jina kabla ya kufika. Nchini China, kwa mfano, kwa kawaida haki ya alama huenda kwa aliyetangulia kuomba usajili, na aliyechelewa anaweza kulikuta jina lake mikononi mwa mwingine. Mkataba wa Paris wa 1883 unampa mwenye ombi la kwanza miezi 6 ya kipaumbele cha alama ya biashara katika nchi wanachama nyingine. Sheria nyingine nyingi unaweza kuzipitia baadaye ukiwa na mwanasheria. Hii ijue mapema.

Halafu ongea na watu. Msafirishaji mizigo, wakala wa forodha, muuzaji wa duka, mhamiaji aliyeishi kule. Usiwaulize "soko likoje". Waulize mara ya mwisho mzigo ulipokwama ulikwama wapi, na nani aliukwamua.

Hatua ya 9: Andika uamuzi wako, pamoja na siku ya kutoka

Mwisho wa faili, andika kurasa mbili. Ungeingiaje soko hilo na bidhaa hiyo? Ungetumia fedha kiasi gani kabla ya kujua jambo gani? Orodhesha mambo matatu usiyoyajua ambayo yakigeuka yanaangusha mpango mzima, na kila moja uliwekee njia ya bei nafuu ya kulijaribu: kontena moja badala ya ghala, mji mmoja badala ya nchi, mkataba wa mwaka badala ya wa miaka kumi.

Kisha andika, kwa tarehe na kwa tarakimu, ni hali gani ikitokea utaondoka. Iandike sasa, kabla hujaajiri mtu wala kupaka duka rangi, umpe mtu mwingine akutunzie.